Tuvalu haijazama na haijauzwa: tuielewe hii nchi kabla ya kuizika

Tangu Juni 2025 Australia ilipofungua maombi ya viza kwa raia wa Tuvalu, habari za hiyo nchi zimekuwa zikitufikia vipande vipande, klipu ya dakika moja hapa, picha yenye maandishi makubwa pale, na kila kipande kinasema lake. Mmoja anakwambia Tuvalu ishazama. Mwingine anasema nchi nzima inahamia Australia, wa tatu anasema Australia imeinunua, alafu anatokea wa nne anauliza kwani ile si mali ya Mfalme wa Uingereza, si anatakiwa aamue yeye. Ukishuka kwenye maoni unakuta watu wenye akili zao wanabishana usiku kucha juu ya mambo ambayo hayajatokea. Nimeona niandike kirefu kidogo, manake hawa ni watu kama 10,000 hivi, wana nyumba zao, makanisa yao na bunge lao, na haipendezi kabisa kuwazika watu wakiwa hai.

Naona chanzo kikubwa cha huu mkanganyiko ni kwamba tunachanganya vitu vitatu. Kuna visiwa, yaani ardhi yenyewe, mchanga na matumbawe. Kuna Watuvalu wenyewe, ambao mmoja anaweza kuwa kisiwani kwao, mwingine Auckland, mwingine Suva, mwingine yuko kwenye meli ya mizigo katikati ya bahari. Na kuna dola, yaani ile nchi ya kisheria yenye serikali, pasipoti, kiti Umoja wa Mataifa na mipaka yake ya bahari. Sheria za kimataifa zikieleza dola ni nini watu hupenda kurejea Mkataba wa Montevideo wa 1933, ambao unataja mambo manne: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Kwa nchi nyingi haya mambo yameshikana hivyo hakuna anayehangaika kuyatenganisha. Kwa Tuvalu yanaweza yakaachana, na karibu kila unachosikia kuhusu wao siku hizi ni jitihada ya kuzuia yasiachane au kujipanga ikitokea yameachana. Ukilishika hilo, hizi habari nyingine zote zinakaa sawa.

Iko wapi na ina ukubwa gani

Chukua ramani, weka kidole Kilwa, alafu kisogeze moja kwa moja kuelekea mashariki bila kupanda wala kushuka. Utavuka Bahari ya Hindi yote, utapita Bali, utapita Dili kule Timor ya Mashariki, utapita Visiwa vya Solomon, na ukiendelea ndo utaifikia Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, ambayo iko karibu nyuzi 8 na nusu kusini mwa ikweta. Kwa saa wametutangulia saa 9, kwa hiyo Dar ikiwa saa sita mchana kwao ni saa tatu usiku. Jirani mkubwa wa karibu ni Fiji, kusini, umbali wa kilomita 1,000 hivi, na ukitaka kwenda Tuvalu kwa ndege njia ya kawaida ni kupitia huko Fiji, uwanja wa Suva.

Visiwa vyenyewe ni tisa: Nanumea, Niutao, Nanumaga, Nui, Vaitupu, Nukufetau, Funafuti, Nukulaelae na Niulakita. Ardhi yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26 tu. Kisiwa chetu cha Mafia peke yake kingeimeza Tuvalu nzima zaidi ya mara kumi. Lakini ukihesabu bahari ambayo kisheria ni yao, ule ukanda wa kiuchumi unaofika maili 200 za baharini kutoka ufukweni, unapata kilomita za mraba kwa malaki. Kwa hiyo kusema Tuvalu ni nchi ndogo ni kweli na si kweli kwa wakati mmoja: ni kanchi kadogo sana ka ardhi na ni nchi kubwa ya maji, na hilo la maji ndo linalowalisha, nitalirudia huko mbele.

Funafuti ndo kwenye zaidi ya nusu ya watu wote. Ni atoli, yaani pete ya visiwa vyembamba vya matumbawe vinavyozunguka maji tulivu katikati. Hayo maji ya katikati yana ukubwa wa kilomita za mraba 275 hivi, ila nchi kavu ya hiyo pete yote haifiki hata kilomita za mraba 3. Kipande kikubwa kinaitwa Fongafale, kirefu kama kilomita 12, na kwa upana kuna sehemu kama mita 400 na kuna sehemu ni mita 20 tu, yaani unasimama barabarani unaona mawimbi ya Pasifiki mkono mmoja na maji ya ndani mkono wa pili. Hapo hapo ndo kuna ofisi za serikali kwenye kijiji cha Vaiaku, hospitali pekee ya nchi na uwanja wa ndege uliojengwa na wanajeshi wa Marekani baada ya kufika Oktoba 1942 kwenye vita kuu ya pili. Huo uwanja umekula sehemu nzuri ya kisiwa, na kwa vile ndege zinakuja siku chache tu kwa wiki, jioni watu wanautumia kucheza mpira, voliboli, kukimbia, wengine siku za joto kali wanatandika mikeka wanalala pale pale. Ndege ikikaribia king'ora kinalia na kila mtu anatoka.

Je, inazama au haizami

Hapa ndo penye ubishi mkubwa kwa hiyo twende taratibu. Wengi wakisikia "inazama" wanafikiria kisiwa ni kama boti, kimeelea, alafu kinaenda chini. Atoli haiko hivyo. Zamani za kale palikuwa na mlima wa volkano baharini, matumbawe yakaota kwenye kingo zake, mlima ukawa unadidimia polepole kwa mamilioni ya miaka huku matumbawe yakiendelea kuota kwenda juu kufuata mwanga, mpaka mlima ukapotea na ikabaki pete. Hayo alisema Charles Darwin tangu 1842, na wanasayansi wa Uingereza na Australia wakaenda kuyapima pale pale Funafuti kati ya 1896 na 1898. Walitoboa shimo hadi mita 340 hivi, na mpaka wanaacha bado walikuwa wanatoa matumbawe, mwamba wa volkano hawakuufikia. Kwa hiyo kisiwa hakielei, kimekaa juu ya mlima mrefu wa matumbawe. Tatizo liko kwa bahari inayopanda, na kisiwa chenyewe ni kifupi: sehemu ya juu kabisa ya nchi nzima iko Niulakita na haifiki mita 5, na sehemu nyingi zina mita 2 au 3 tu kutoka usawa wa bahari.

NASA wanasema usawa wa bahari pale umepanda karibu sentimita 15 katika miaka 30 hivi. Mtu akisikia sentimita 15 anaona ni kidogo, urefu wa kiganja, mbona kelele nyingi. Ila maji hayasubiri kupanda juu ya ukuta ndo yaingie. Weka kikapu cha ukindu ndani ya beseni la maji, hata kama mdomo wa kikapu uko juu ya maji, ndani kutalowa kwa sababu maji yanapita kwenye kuta na kitako. Matumbawe yana matundu namna hiyo hiyo. Kwa hiyo wakati wa maji makuu ya mwanzo wa mwaka, hasa Februari na Machi, unakuta maji ya chumvi yanachomoza katikati ya kisiwa, kwenye viwanja vya watu na pembeni ya uwanja wa ndege, wala hakuna wimbi lolote lililovuka ufukwe. Yametoka chini. Ndo maana kuzungushia kisiwa ukuta peke yake si jibu, kama wengi wanavyoshauri kwenye maoni.

Na hayo maji ya chini yanaharibu vitu viwili ambavyo bila hivyo huwezi kuishi. Cha kwanza ni maji ya kunywa. Tuvalu haina mto hata mmoja, wanategemea mvua, kila nyumba bati linashusha maji kwenye tenki. Mvua ikigoma ni balaa, na 2011 ukame ulikuwa mkali mpaka serikali ikatangaza hali ya dharura. Cha pili ni pulaka, zao la jamii ya magimbi ila kubwa zaidi, ambalo wanalipanda kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kukuta maji baridi yanayoelea juu ya yale ya chumvi ndani ya ardhi. Chumvi ikipanda, pulaka inaoza shimoni. Mashimo ambayo wazee waliyachimba kwa mikono na kurithishana yanaachwa, familia inahamia kwenye mchele wa dukani ulioletwa na meli.

Sasa kuna upande wa pili ambao lazima tuuseme kwa haki. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Auckland walitoa utafiti uliopima visiwa 101 vidogo na vikubwa vya Tuvalu kwa picha za kuanzia 1971 hadi 2014, wakakuta ardhi kwa jumla iliongezeka kwa asilimia 2.9. Iliongezeka kweli, kwa sababu mawimbi na dhoruba huleta kokoto na mchanga wa matumbawe, kama kimbunga Bebe cha 1972 kilivyomwaga tuta refu la mawe ufukweni Funafuti. Wapo walioshika hiyo namba wakasema si mnaona, habari za tabianchi ni uongo. Hapana, hazipingani. Kisiwa kinaweza kupata mchanga mpya kwenye ncha moja na wakati huo huo kisima cha katikati kikaingia chumvi. Ramani inapima ukubwa, haionji maji. Swali ambalo Watuvalu wanajiuliza ni lini patashindikana kuishi, na hiyo siku inaweza kufika mapema sana kuliko siku ya kisiwa kufunikwa chote.

Nao hawajakaa wanasubiri. Kuna mradi wa kulinda pwani unaofadhiliwa na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao umenyonya mchanga kutoka ndani ya yale maji ya katikati na kutengeneza ardhi mpya ya zaidi ya hekta 7 kando ya Fongafale, imeinuliwa juu kuliko ardhi ya zamani, imekamilika 2023, na imepimwa kwa kuangalia bahari itakavyokuwa mwisho wa karne hii. Kwa nchi kubwa hekta 7 ni shamba la mtu mmoja, kwao ni mtaa mzima. Miaka michache kabla ya hapo, kwa msaada wa Nyuzilandi, walifukia yale mashimo makubwa ambayo Wamarekani waliyaacha walipochimba kifusi cha kujengea uwanja wa ndege, mashimo ambayo kwa miaka 70 yalikuwa madimbwi ya maji machafu katikati ya makazi.

Watu wenyewe

Watuvalu wengi ni Wapolinesia, ndugu wa karibu wa watu wa Samoa na Tokelau, na lugha zao zinakaribiana. Nui ndo tofauti, huko wanaongea lugha ya Kiribati kwa sababu ya wahamiaji wa zamani. Ukristo ulifika 1861 kwa njia ya ajabu kidogo: shemasi mmoja wa Visiwa vya Cook anaitwa Elekana, mtumbwi wao ulipotezwa na dhoruba ukaelea wiki kadhaa mpaka ukatua Nukulaelae, akaanza kufundisha pale pale. Mpaka leo kanisa lao, Ekalesia Kelisiano Tuvalu, ndo la watu wengi. Miaka miwili tu baadaye, 1863, zikaja meli za kutoka Peru zikawalaghai na kuwabeba mamia ya watu kutoka Funafuti na Nukulaelae kwenda kufanyishwa kazi, na karibu wote hawakurudi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki stori ya jahazi linaloondoka na watu wasirudi hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Naileta hiyo historia kwa sababu kuna mtu anafikiri hawa watu wameanza kuhama juzi. Wamekuwa wakisafiri muda wote. Wamefanya kazi kwenye machimbo ya fosfeti Banaba na Nauru. Wana chuo cha mabaharia kwenye kisiwa kidogo cha Amatuku na vijana wao wamezunguka dunia kwenye meli za mizigo. Mwaka 1946 watu wa Vaitupu walichanga hela wakanunua kisiwa kizima cha Kioa kule Fiji, na vizazi vyao wako huko mpaka leo, wanaongea lugha yao. Nyuzilandi nayo tangu 2002 imekuwa ikiwachukua wachache kila mwaka kwa utaratibu maalumu. Kitu ambacho hawafanyi kirahisi ni kukata mzizi. Ardhi nyingi kule ni ya ukoo mzima kwa mfumo unaoitwa kaitasi, kwa hiyo aliyeko ughaibuni bado ana haki yake nyumbani na nyumbani wanamhesabu.

Serikali: mfalme yupo, lakini haamui

Zamani Uingereza iliviita Visiwa vya Ellice na ikaviunganisha na Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni Kiribati, vikawa koloni moja. Gilbert walikuwa wengi na Ellice wachache, na Ellice wakahofia kumezwa. Ikapigwa kura ya maoni 1974, zaidi ya asilimia 90 wakataka kujitenga, na Tuvalu ikapata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1978. Angalia hapo: watu wachache kiasi kile walikubali kuanza nchi kutoka sifuri kuliko kuwa mkia wa wengine. Ukijua hilo hutashangaa kwa nini leo hawataki kusikia habari ya kufutwa kwenye ramani.

Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles wa Tatu, hiyo ni kweli, lakini ni mfalme wa Tuvalu kwa katiba yao wenyewe, kama alivyo mfalme wa Australia na Kanada. Anawakilishwa na Gavana Mkuu, ambaye ni Mtuvalu, tangu 2021 ni Sir Tofiga Vaevalu Falani. London haipitishi bajeti yao wala haiteui mawaziri wao. Mwaka 2008 waliulizwa kwa kura kama wanataka kuwa jamhuri wakakataa, kwa hiyo hata huyo mfalme wamebaki naye kwa hiari.

Bunge lina wabunge 16, wawili wawili kutoka kwenye visiwa vinane, na Niulakita wenye watu wachache sana wanahesabiwa na Niutao. Hakuna vyama vya siasa kabisa. Mtu anachaguliwa kwa kujulikana kisiwani kwake, alafu wabunge wenyewe wakikutana ndo wanamchagua waziri mkuu kati yao. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 26 Januari 2024, na waziri mkuu aliyekuwepo, Kausea Natano, alikosa hata kiti cha ubunge. Kumchagua wa kumrithi ikachukua mwezi mzima, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ni kwamba bahari ilichafuka na wabunge wa visiwa vya mbali hawakuweza kufika Funafuti, manake ndani ya nchi hakuna ndege, ni meli za serikali tu. Walipofika wakampitisha Feleti Teo bila mpinzani, mwanasheria aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali na baadaye akaiongoza tume ya kimataifa inayosimamia uvuvi wa jodari Pasifiki. Chini ya bunge kila kisiwa kina baraza lake la jadi, falekaupule, wazee na watu wazima wa kisiwa wanakaa pamoja, na tangu sheria ya 1997 hilo baraza lina nguvu halali juu ya mambo ya kisiwa, si mapambo.

Hela wanapata wapi? Kuna uvumi kwamba ni matajiri wa kutupwa kwa sababu ya .tv, zile herufi za mwisho za anwani za tovuti. Ni kweli kwa bahati tu kifupi cha jina lao kiligongana na kifupi cha televisheni, na 2000 waliingia mkataba wa dola za Marekani milioni 50 za kulipwa ndani ya miaka 12, na sehemu ya hizo hela iliwasaidia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka huo huo. Ila hiyo ni sehemu tu ya bajeti. Hela kubwa ni leseni za kuvua jodari kwenye ile bahari yao, ambapo Tuvalu na wenzake wa Mkataba wa Nauru, makubaliano ya uvuvi ya nchi za Pasifiki, wanauza siku za kuvua: meli ya nje inalipia kila siku inayokaa na nyavu ndani ya maji yao. Kuna pia mfuko wa akiba ulioanzishwa 1987, na misaada. Pesa wanayotumia ni dola ya Australia. Na mtu wa kawaida haogelei kwenye pesa, manake hata mashine za ATM zimefika kwa mara ya kwanza Aprili 2025, kabla ya hapo ni kupanga foleni benki.

Mkataba na Australia unasema nini hasa

Unaitwa Muungano wa Falepili, yaani muungano wa ujirani mwema. Ulisainiwa Novemba 2023 kule Rarotonga, Visiwa vya Cook, na ukaanza kazi tarehe 28 Agosti 2024. Neno "muungano" limewachanganya wengi, hasa sisi Watanzania, tukasikia tu tukawaza Tanganyika na Zanzibar. Hakuna nchi iliyoungana na nyingine hapo. Tuvalu imebaki na bunge lake, pasipoti yake na kiti chake.

Kwenye viza, Australia inatoa nafasi 280 kwa mwaka, zikihesabiwa pamoja na wenza na watoto. Zinapatikana kwa bahati nasibu, kujiandikisha ni dola 25 za Australia, na awamu ya kwanza iliyofungwa Julai 2025 ilikuwa na watu 8,750 ukijumlisha wanafamilia waliotajwa kwenye fomu. Hapo ndo kichwa cha habari "nchi nzima inahama" kilipozaliwa. Lakini kujiandikisha si kuhama. Anayepata anapewa ukazi wa kudumu, anaweza kufanya kazi, kusoma na kutibiwa, na anaruhusiwa kwenda na kurudi anavyotaka, hakuna anayelazimishwa kukaa wala kuuza kwake. Wengi wameomba kama mtu anavyochukua ufunguo wa akiba. Na fanya hesabu mwenyewe: kwa watu 280 kwa mwaka, hata kama asingerudi mtu na asingezaliwa mtoto, ingechukua zaidi ya miaka 35 kuwamaliza. Hicho kikomo kiliwekwa makusudi, maana wanaogopa walimu na manesi wakiondoka kwa mkupuo kisiwa kitakufa kabla bahari haijafika.

Ambacho kinastahili ubishi wa kweli ni kipengele cha ulinzi, na hicho sijaona kikizungumzwa huku kwetu. Australia imeahidi kuisaidia Tuvalu ikipata janga la asili, mlipuko wa ugonjwa au uvamizi wa kijeshi. Kwa upande wake Tuvalu imekubali kwamba ikitaka kuingia makubaliano na nchi nyingine kwenye ulinzi na usalama, ikiwemo polisi, bandari, mawasiliano na umeme, lazima ikubaliane kwanza na Australia. Tuvalu ni moja ya nchi chache duniani zinazoitambua Taiwan, na miezi miwili tu baada ya mkataba kusainiwa, Januari 2024, jirani yao Nauru waliiacha Taiwan wakaitambua Uchina, kwa hiyo unaona serikali ya Australia ilikuwa inaogopa nini. Waziri mkuu wa zamani Enele Sopoaga aliupinga mkataba waziwazi kwa hoja ya uhuru wa nchi. Serikali ya Teo iliupitia ikaamua kubaki nao. Mimi naona Sopoaga alikuwa na hoja nzito na Teo naye alikuwa na sababu nzito, mtu anayejadiliana huku maji yako uani hana nafasi ya kuringa sana, na nchi tajiri yenye makaa ya mawe mengi ya kuuza haikupaswa kuweka kura ya turufu kwenye kitu inachokiita ujirani.

Nchi bila ardhi inawezekana?

Ndani ya huo mkataba kuna sentensi ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko viza zote: Australia inatambua kwamba Tuvalu itaendelea kuwa dola hata bahari ikipanda. Mwezi mmoja kabla ya kusainiwa, Oktoba 2023, Watuvalu walikuwa wameanza kutumia katiba mpya inayosema dola yao ni ya kudumu hata kama ardhi itapungua kwa sababu ya tabianchi. Unakumbuka ile klipu ya 2021 ya waziri Simon Kofe amevaa suti na tai, amesimama baharini maji yakimfika magotini akihutubia mkutano wa tabianchi? Wengi waliiona kama kiki. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba wameanza kunakili nchi yao kidijitali, wakianza na kisiwa kidogo cha Te Afualiku, na lengo ni kwamba kumbukumbu, vitambulisho, hata huduma za serikali ziweze kuendelea popote watu walipo. Hilo nalo watu wakalicheka, nchi gani ya kwenye kompyuta. Usilione kama mchezo wa kompyuta, ukilitazama kisheria ni serikali inayojiwekea ushahidi kwamba bado ipo na bado inafanya kazi.

Na dunia imeanza kuwasikia. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni yake ya kisheria kuhusu tabianchi, kesi iliyosukumwa na Vanuatu, na ikasema kwamba dola ikishakuwepo, kupotea kwa kimojawapo cha vile vitu vinavyoiunda hakulazimishi kwamba dola imekufa. Mahakama ikasema pia kwamba nchi ikishatangaza mipaka yake ya bahari kihalali, hailazimiki kuichora upya kwa sababu ufukwe umerudi nyuma. Ukirudi kwenye zile leseni za jodari utaona hii ina maana gani kwa mkate wa kila siku. Kama mipaka ingefuata ufukwe, kila kisiwa kidogo cha pembeni kikifunikwa Tuvalu ingepoteza eneo kubwa la bahari, na meli za mataifa tajiri zingeingia kuvua bure kwenye maji ambayo mwaka jana zilikuwa zinayalipia. Yaani waliochangia zaidi kuipandisha bahari wangefaidika kwa kupanda kwake.

Maoni ya mahakama hayana polisi wa kuyatekeleza, na bado hakuna aliyejibu mtoto aliyezaliwa Brisbane kwa wazazi wa Nanumea atapiga kura kwa mbunge gani, au baraza la kisiwa litakaa wapi kama kisiwa hakikaliki. Hayo Watuvalu wanayajadili wenyewe, kwenye bunge lao la watu 16 na kwenye falekaupule zao, huku wakiendelea kupanda mikoko, kumwaga mchanga, kupeleka watoto shule na kudai kwenye kila mkutano kwamba nchi zinazochoma mafuta zipunguze. Teo amekuwa akirudia kwamba watu wake wanataka kubaki kwao. Kwa hiyo ukikutana tena na bango linalosema "nchi ya kwanza kutoweka", muulize aliyelituma ni kipi kimetoweka kati ya vile vitatu, ardhi, watu au dola, na mpaka ninavyoandika hapa hakuna hata kimoja.